Pikipiki kuukuu zisizo na kadi zifunguliwe mlango wa haki

Siku ya soko, pikipiki kuukuu ndiyo inayotangulia. Hubeba dagaa kutoka mialo ya Ziwa Viktoria kwenda Sirari, nyanya kutoka mashamba ya Loitokitok kwenda Tarakea, na marobota ya mitumba kutoka Busia hadi vijiji ambavyo lori haliwezi kufika. Si ajabu kukuta pikipiki ya namna hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 10 na imepita mikononi mwa watu watatu au wanne. Mwenye nayo leo aliilipia fedha taslimu mbele ya mashahidi. Ndiye anayeitia mafuta, anayeifunga mnyororo mpya na anayeilaza ndani usiku ili isiibwe. Lakini mbele ya sheria si yake, kwa sababu hana kadi yenye jina lake, na yule aliyeandikwa kwenye kadi hajulikani alipo.

Jambo hili limeachwa kwa muda mrefu kana kwamba ni uzembe wa mtu mmoja mmoja. Ukweli ni kwamba ni shida ya soko zima la pikipiki zilizotumika katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na inauma zaidi kando ya mpaka, ambako chombo kisicho na karatasi hushukiwa kwanza kuwa cha wizi au cha magendo. Serikali za nchi wanachama zinapaswa kufungua njia moja inayoeleweka, ya gharama nafuu na yenye muda maalumu, ili aliyenunua kwa nia njema apate umiliki halali. Nao wafanyabiashara wanapaswa kuacha kununua kwa kuaminiana tu.

Karatasi inavyopotea

Majina ya karatasi yenyewe hutofautiana. Tanzania huitwa kadi, na hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Kenya ni logibuku, na hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Uganda nako husema logibuku, ila kazi ya usajili imehama kutoka Mamlaka ya Mapato kwenda Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Rwanda ni kadi ya njano inayotoka kwenye mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, na Burundi na Kongo huijua kwa jina la carte rose. Majina ni mengi, kazi ni moja: kueleza chombo hiki ni cha nani.

Pikipiki hizi ziliingia kwa wingi katika muda mfupi. Kenya, kwa mfano, iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki zisizofikia 250cc mwaka 2008, na kuanzia hapo bodaboda ikawa ajira ya kwanza ya vijana wengi. Nchi jirani nazo zilijaa pikipiki za India na China. Vyombo vya miaka ile ndivyo vinavyozunguka leo katika soko la mkono wa tatu na wa nne, bei ikishuka na karatasi zikipungua kila mauzo yanapofanyika.

Mwanzo mara nyingi ni mkopo. Kijana huchukua pikipiki, kadi inabaki kwa mkopeshaji hadi deni liishe. Kabla halijaisha anapata shida, anaiuza kwa bei ya kutupa na kumwambia mnunuzi kwamba kadi ataipata baadaye. Mnunuzi huyo naye akiiuza hutoa fotokopi na ahadi. Wa tatu hapewi hata fotokopi.

Njia nyingine ni kifo. Baba aliyenunua pikipiki kwa jina lake anafariki, familia inaendelea kuitumia au inaiuza ili kulipia hospitali na mazishi, na hakuna anayekwenda mahakamani kufungua mirathi kwa ajili ya pikipiki moja. Wapo pia waliounguliwa na nyumba, waliohama na kuacha sanduku nyuma, na wale ambao kadi ililiwa na panya.

Halafu ipo gereji. Injini ikifa, fundi hufunga nyingine kutoka pikipiki iliyopata ajali. Kuanzia siku hiyo namba ya injini iliyo kwenye chuma hailingani na iliyo kwenye kadi, hata kama kadi ipo. Mwenye pikipiki hajui kwamba amejitengenezea kesi mpaka siku ofisa atakapoinama na tochi.

Mpakani mzigo wa ushahidi ni wa mwenye mali

Ndani ya nchi, mtu anaweza kuishi miaka mingi na pikipiki isiyo na jina lake, akijadiliana na askari wa barabarani leo na kesho. Mpakani mambo ni tofauti. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika katika vituo vya forodha vya Jumuiya, huweka kwa mwenye mali mzigo wa kuthibitisha kwamba ushuru ulilipwa. Ofisa hatakiwi kuthibitisha kwamba pikipiki ni ya magendo. Mwenye pikipiki ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba siyo. Asiye na karatasi ya kuonyesha amekwisha kushindwa nusu ya kesi kabla hajafungua mdomo.

Hasara haiishii kwenye chombo. Pikipiki ikizuiwa, magunia yaliyo juu yake nayo husimama, na dagaa wabichi au nyanya hazisubiri faili. Mfanyabiashara mdogo anayetumia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, ule unaomruhusu kupitisha bidhaa za nchi wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasili, hujikuta bidhaa zake ni halali kabisa na kilichozibeba si halali. Cheti cha nyanya hakiwezi kuikomboa pikipiki.

Bima nayo inatafuta jina. Kenya, Uganda na Tanzania zote zinalazimisha bima ya mtu wa tatu, na anayevuka mpaka huhitaji kuongezewa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima na isichanganywe na kadi ya usajili ya Rwanda. Bima iliyokatwa kwa jina la mtu asiyejulikana huwa na maswali siku ya ajali. Benki na vyama vya akiba na mikopo navyo havikubali kama dhamana chombo ambacho mkopaji hawezi kuonyesha kuwa ni chake. Hivyo mtu mwenye mali inayozalisha kila siku anahesabiwa kuwa hana mali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni hiyo kadi.

Hata aliyeuza hayuko salama. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kifungu cha 9 kinakataza chombo kilichouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mnunuzi hajaandikishwa. Aliyeuza pikipiki miaka 8 iliyopita na kula fedha zake anaweza kubishiwa hodi kwa ajali iliyotokea mkoa ambao hajawahi kufika. Kuhamisha jina kunamlinda muuzaji kama kunavyomlinda mnunuzi.

Milango iliyopo tayari

Si kila pikipiki isiyo na karatasi imekwama. Wengi wamekata tamaa kabla ya kujua tatizo lao ni la aina gani, na mtu aliyekata tamaa huangukia kwa vishoka wanaouza kadi za kughushi.

Ikiwa kadi ilikuwa ya mwenye pikipiki mwenyewe na imepotea, kazi ni nyepesi. Anatoa taarifa polisi. Tanzania atapewa taarifa ya upotevu, Kenya atapewa abstrakti. Kisha anakula kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo na kuomba nakala kwenye ofisi ya usajili. Kenya maombi haya hupita kwenye mtandao wa eCitizen, na Tanzania hupita TRA.

Ikiwa mwenye jina yupo hai na anajulikana, atafutwe leo. Kumlipia nauli na siku yake ya kazi ili aje kusaini uhamisho ni nafuu kuliko siku tatu za pikipiki kuzuiwa. Anayeishi nchi jirani naye afuatwe, kwa sababu uhamisho hufanywa katika nchi ambako pikipiki imesajiliwa, na saini yake ndiyo inayofungua kila mlango unaofuata. Kama kadi yake ilipotea, yeye ndiye mwenye haki ya kuomba nakala. Mnunuzi hawezi kuiomba kwa niaba yake bila idhini.

Ikiwa mwenye jina amefariki, njia ni mirathi. Tanzania, mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi zinazofuata mila au sheria ya Kiislamu, na msimamizi aliyeteuliwa ndiye anayeweza kusaini uhamisho. Kenya na Uganda nako huhitajika barua za usimamizi kutoka mahakamani. Familia nyingi huogopa neno mahakama, lakini ndugu wakikaa pamoja, wakaandika muhtasari wa kikao na kukubaliana juu ya msimamizi, sehemu ngumu imekwisha.

Ikiwa kadi iko kwa mkopeshaji, mnunuzi aulize deni lililobaki ni kiasi gani na alipe moja kwa moja kwa mkopeshaji huyo, kwa risiti, badala ya kumkabidhi muuzaji fedha zote. Ikiwa pikipiki ilinunuliwa kwenye mnada wa forodha, polisi au mahakama, hati ya mnada ndiyo mama wa karatasi zote zinazofuata, na aliyeipoteza arudi kwa aliyeendesha mnada kabla kumbukumbu hazijahamishwa.

Ikiwa pikipiki ina usajili wa nchi jirani na mwenye nayo anaishi na kufanya kazi upande huu, kibali cha muda cha forodha hakitoshi milele. Kibali hicho ni cha mgeni anayepita. Chombo kinachokaa kinatakiwa kutangazwa forodha, kukadiriwa, kulipiwa kinachostahili na kusajiliwa upya. Gharama yake huumiza, lakini inajulikana na ina mwisho. Gharama ya kujificha haina mwisho.

Mlango usiokuwepo

Anabaki mmoja ambaye milango yote hiyo haimfai. Huyu alinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Mwenye jina hapatikani, simu iliyokuwa kwenye mkataba haipo hewani, na dalali aliyesimamia mauzo amehama. Akienda ofisini anaambiwa amlete mwenye kadi. Akienda polisi anaogopa kuulizwa ameipata wapi. Kwa hiyo haendi popote, na pikipiki inazeeka nje ya sheria.

Kenya ina utaratibu wa uhamisho wa lazima, ambapo mnunuzi aliyeshindwa kumpata mwenye jina huwasilisha ushahidi wake NTSA ili uchunguzwe. Huo ni mwanzo mzuri, na unaonyesha kwamba sheria inaweza kukubali kuwa mtu hutoweka. Ila unamfaa zaidi aliyenunua moja kwa moja kutoka kwa mwenye jina na akatunza mkataba na ushahidi wa malipo. Mtu wa nne katika mnyororo, aliyelipa kwenye kibanda cha chai, hana cha kuwasilisha.

Kosa la taratibu nyingi ni kwamba zinaanzia kwa mtu aliyetoweka, wakati kilichopo ni chuma. Pikipiki ina namba ya chasisi iliyopigwa kwenye shingo ya fremu, na namba ya injini iliyopigwa kwenye ganda la injini. Mtu anaweza kufa, kuhama au kukana, lakini namba hizo hubaki pale pale, na akizisaga mtu, alama ya kusaga huonekana kwa mkaguzi mzoefu. Njia mpya ianzie hapo.

Serikali zinaweza kutangaza dirisha la miezi 12 kwa pikipiki zenye umri wa miaka kadhaa na zaidi. Mwenye chombo akilete kituo cha ukaguzi kilicho wilayani, si makao makuu ya nchi. Namba zichukuliwe kwa kugusishwa karatasi na kupigwa picha, kisha zilinganishwe na daftari la usajili la nchi hiyo, madaftari ya nchi jirani, kumbukumbu za forodha na orodha za vyombo vilivyoibwa. Mwenye jina la mwisho kwenye daftari atumiwe ujumbe kwenye simu na anwani aliyoacha, na tangazo libandikwe ofisi ya mtendaji wa kijiji, ya chifu au ya mwenyekiti wa LC, kulingana na nchi. Mwombaji ale kiapo akieleza alinunua lini, kwa nani na kwa bei gani, na alete wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana.

Baada ya siku 90 bila pingamizi, apewe umiliki wa masharti, wenye jina lake na alama inayoonyesha kuwa umetolewa kwa dirisha hilo. Aweze kukata bima, kulipa leseni na kuvuka mpaka. Asiweze kuuza mpaka muda wa masharti, tuseme miaka 2 au 3, upite bila mtu kujitokeza. Baada ya hapo masharti yafutwe na kadi iwe kamili.

Wazo hili lina mfano. Jimbo la Texas nchini Marekani humruhusu mwenye chombo asiye na karatasi za kutosha kuweka dhamana yenye thamani ya mara 1.5 ya chombo, na dhamana hiyo hukaa miaka 3. Mwenye haki akijitokeza, hulipwa kutoka kwenye dhamana. Kiwango hicho cha fedha hakimfai mchuuzi wa Sirari au Malaba, ndiyo maana muda wa kusubiri na wadhamini wa kijijini wachukue nafasi yake. Kinachofaa kuigwa ni msingi wenyewe: dola inampa mtu haki kwa hatua, huku ikimwachia nafasi mwenye haki zaidi.

Hofu ya kuhalalisha wizi

Upo upande mwingine wa hoja, na una uzito. Polisi watauliza kama dirisha la namna hii halitakuwa sabuni ya kusafishia pikipiki za wizi. Mwizi wa Kisumu ataipeleka Tarime, ataapa, atasubiri na atapewa kadi. Aliyeibiwa, ambaye huenda naye ni mfanyabiashara mdogo, ataona chombo chake kikitembea na jina jipya. Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa, kwa sababu kila pikipiki iliyoibwa ni mtaji wa familia fulani.

Lakini hali ya sasa ndiyo inayomfaa mwizi. Katika soko ambalo pikipiki nyingi za halali hazina karatasi, pikipiki ya wizi haionekani tofauti. Inauzwa kwa bei ile ile na kwa maneno yale yale: kadi utaipata baadaye. Kadiri vyombo vya watu waaminifu vitakavyopata karatasi, ndivyo visivyo na karatasi vitakavyobaki peke yao na kushukiwa kwa haki. Dirisha likiwa na ukaguzi wa chuma na ulinganishaji wa kuvuka mipaka, mwizi hatakuwa na hamu ya kuleta mwenyewe namba za chasisi kituoni na kuacha picha yake.

Sharti ni moja: ulinganishaji uwe wa nchi zote. Dirisha la Tanzania lisilosoma daftari la Kenya, au la Uganda lisilosoma la Rwanda, litakuwa sabuni kweli. Shirikisho la wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, limekuwapo tangu mwaka 1998, na wizi wa magari ni miongoni mwa mambo linayoshughulikia. Jumuiya yenyewe ina Baraza la Kisekta la Uchukuzi, Mawasiliano na Hali ya Hewa. Kama nchi wanachama ziliweza kukubaliana juu ya uzito wa lori na kuweka ukomo mmoja wa tani 56, haziwezi kushindwa kukubaliana jinsi ya kuulizana namba ya pikipiki.

Ukweli mchungu usifichwe. Baadhi ya watakaojitokeza wataambiwa kwamba pikipiki waliyoinunua kwa jasho iliibwa. Sheria ya mauzo ya bidhaa katika nchi hizi ina kanuni ya msingi kwamba mtu hawezi kuuza kisicho chake, na mnunuzi hapati haki kubwa kuliko ya aliyemuuzia. Chombo kitarudi kwa aliyeibiwa, na ndivyo inavyostahili. Ila aliyejileta mwenyewe, akaeleza alinunua kwa nani, asichukuliwe kama mwizi. Akiwekwa mahabusu siku ya kwanza, habari itafika masoko yote kabla ya jua kuzama na dirisha litakufa. Atendewe kama shahidi, maana maelezo yake ndiyo yanayoweza kumfikia mwizi.

Ada nazo ziangaliwe. Pikipiki ya zamani ikitozwa ada, faini za kuchelewa uhamisho kwa kila mkono iliopita na malimbikizo mengine mpaka vikazidi bei yake sokoni, hakuna atakayekuja. Serikali isihesabu hasara ya faini ambazo isingezipata kamwe. Ihesabu chombo kinachoanza kukata bima, kulipa leseni na kuonekana kwenye daftari.

Kazi ya mfanyabiashara

Wakati serikali zikisubiriwa, upo upande ambao hauhitaji waziri. Kila anayenunua pikipiki iliyotumika asome namba kwenye chuma kabla ya kusikiliza bei. Namba ya chasisi ya pikipiki za miaka hii kutoka India na China huwa na herufi na tarakimu 17, na ndani yake hazitumiki herufi I, O wala Q. Ya India huanza na M na ya China huanza na L. Ukiona herufi isiyotakiwa, mstari usionyooka, rangi mpya mahali pamoja tu au chuma kilichosagwa, funga mfuko wako na uondoke. Kisha ulinganishe namba hizo na kadi, na kadi na ofisi. Kenya mtu anaweza kulipia nakala ya kumbukumbu za chombo kupitia eCitizen, na kwingine ofisi ya usajili ndiyo ya kuulizwa.

Mkataba wa mauziano uandikwe na usiishie kwenye majina na bei. Uwe na namba ya chasisi, namba ya injini, namba ya usajili, namba za vitambulisho, saini na alama za dole gumba, mashahidi wa pande zote mbili, na muhuri wa ofisi ya mtaa au wakili. Malipo yapite kwenye simu au benki ili yaache alama. Sehemu ya bei, hata moja ya kumi, ibaki mpaka siku jina litakapohamishwa. Muuzaji anayekataa sharti hilo amekwisha kueleza kila kitu.

Anayebadilisha injini achukue risiti, aandike injini imetoka pikipiki gani, na apeleke mabadiliko yakaandikishwe. Anayefikiria kuivalisha pikipiki yake bati la namba la pikipiki iliyokufa aache mara moja. Hilo ni kosa la jinai, na humgeuza mtu aliyekuwa na tatizo la karatasi kuwa mshitakiwa. Kadi ya kishoka ni hivyo hivyo. Inaonekana nzuri mpaka siku ofisa wa mpakani atakapoandika namba kwenye kompyuta.

Chombo kikizuiwa, mwenye nacho asitokomee. Adai hati ya kukamatwa kwa mali, asome sababu iliyoandikwa, na apeleke madai yake kwa maandishi mapema, kwa kuwa sheria ya forodha huweka muda mfupi wa kudai na mali isiyodaiwa huishia kwenye mnada. Sheria hiyo pia humpa kamishna uwezo wa kumaliza makosa fulani nje ya mahakama pale mhusika anapokiri na kulipa. Malipo hayo huwa na stakabadhi ya serikali. Yasiyo na stakabadhi si malipo ya sheria.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani na vyama vya bodaboda vina kazi kubwa zaidi. Vianze kuandikisha wenyewe: ni wanachama wangapi wana pikipiki zisizo na jina lao, zimesajiliwa nchi gani, na zimekwama kwa sababu ipi kati ya zilizotajwa. Mkutano na waziri au na sekretarieti ya Jumuiya mjini Arusha ukija, hoja yenye orodha husikilizwa kuliko malalamiko. Vyama hivyo pia vinaweza kukusanya wanachama 20 wenye tatizo la mirathi au la nakala na kumleta wakili mmoja na ofisa mmoja wa usajili sokoni kwa siku moja. Kinachomshinda mtu mmoja kwa nauli na hofu, kundi hukimaliza kabla ya adhuhuri.

Soko la Pamoja lilianza rasmi tarehe 1 Julai 2010, likiahidi uhuru wa watu, bidhaa, huduma, nguvukazi na mitaji kuvuka mipaka. Kwa mfanyabiashara mdogo, pikipiki ndiyo huduma yake na ndiyo mtaji wake. Itakuwa kichekesho ikiwa bidhaa zinavuka kwa cheti, mwenye bidhaa anavuka kwa kitambulisho, na chombo kinachowabeba wote wawili kinavuka kwa vichochoroni usiku, kwa sababu tu mtu aliyekiuza miaka 10 iliyopita hapokei simu.

Wizara za uchukuzi, mamlaka za mapato na polisi wa nchi wanachama wakae meza moja, wakubaliane juu ya dirisha hilo na watangaze tarehe yake. Mwenye pikipiki kuukuu naye asisubiri tarehe hiyo ndipo aanze kumtafuta aliyemuuzia.